Nani Anasaini Uhamisho wa Mwenyekiti?

Ukitaka kujua kama chama cha wanajeshi kiko huru kweli, usianze na katiba yake. Katiba za vyama hivi zinafanana: neno "huru" lipo ukurasa wa kwanza, neno "maslahi" lipo ukurasa wa pili. Anza na mwenyekiti. Uliza ana cheo gani, yuko kikosi gani, mkuu wake ni nani, na barua yake ya uhamisho anaisaini nani. Ukishajibiwa, ongeza swali moja: mara ya mwisho aliposema hadharani kwamba nyumba za askari zinavuja, alifanywa nini?

Nauliza hivyo kwa sababu kazi ya kuongoza chama cha wanajeshi haina mfano katika vyama vingine vya wafanyakazi. Kiongozi wa walimu akigombana na mkuu wa shule, jioni anarudi kwake, anavua viatu, kesho wanaonana tena. Kiongozi wa askari anaweza kupewa amri ya kuhamia kituo cha mbali kabla jua halijachomoza. Anaweza kunyimwa likizo. Anaweza kuwekwa mahabusu ya kambini kwa utovu wa heshima. Taarifa yake ya mwaka inaweza kuandikwa kwa sentensi moja isiyo na sifa wala lawama, na sentensi hiyo ikamfungia cheo mpaka siku ya kustaafu. Yote hayo ni halali, wala hakuna anayelazimika kumweleza sababu. Ataambiwa ni mahitaji ya utumishi, basi.

Sheria ya kimataifa ililiona hili mapema, ikaliacha mikononi mwa kila nchi. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unawapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama vyao bila kuomba ruhusa. Lakini ibara yake ya 9 inasema kiwango cha haki hiyo kwa majeshi na polisi kitaamuliwa na sheria za nchi husika. Kupitia mlango huo yamepita majibu ya kila aina. Marekani mwaka 1978 ilitunga sheria inayomfanya askari aliye kazini anayejiunga na chama cha wafanyakazi cha kijeshi kuwa mhalifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Ujerumani ilikwenda njia nyingine kabisa: tarehe 14 Julai 1956, jeshi jipya la nchi hiyo likiwa halijatimiza hata mwaka, askari wake waliunda Deutscher BundeswehrVerband, chama ambacho leo kina wanachama wapatao 200,000.

Wanaopinga vyama hivi wana hoja moja kubwa, nami siidharau. Wanasema jeshi haliwezi kuwa na makamanda wawili. Siku ya hatari askari akianza kujiuliza amsikilize kamanda au amsikilize mwenyekiti, nchi imekwisha. Hoja hii ingekuwa na uzito wote kama kazi ya mwenyekiti ingekuwa kutoa amri. Kazi yake si hiyo. Kazi yake ni kusema, na kujua pa kunyamaza. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu una zaidi ya miaka 200, na watu waliouonyesha hawakuwa hata na chama.

Aprili 1797 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa. Manowari zilizotia nanga Spithead, karibu na Portsmouth, zikaamriwa kuondoka, mabaharia wakakataa. Mshahara wao haukuwa umeongezwa kwa zaidi ya miaka 130. Nyama na jibini walipimiwa kwa ratili ya ajabu: ratili ya sokoni ilikuwa na wakia 16, ya kwao ilikuwa na 14, na wakia mbili zilizopungua zilibaki kwa mtunza stoo wa meli. Kila moja ya meli 16 ikachagua wajumbe wawili. Wajumbe hao 32 wakawa wanakutana ndani ya meli iitwayo Queen Charlotte, katika chumba ambacho siku nyingine wasingethubutu kukanyaga, chumba cha amiri mwenyewe.

Angalia walivyojipanga. Waliweka nidhamu ya melini kali kuliko ilivyokuwa chini ya maofisa. Waliziachia meli ndogo zinazosindikiza misafara ya biashara ziendelee na kazi. Walitamka kwamba adui akitoka bandarini mwake watakwenda kupigana kwanza na madai yatasubiri. Madai yenyewe yalikuwa machache na ya tumbo: mshahara, ratili kamili, mboga meli zikiwa bandarini, matunzo ya wagonjwa, nafasi ya kwenda kuona familia. Damu ilimwagika, tena Mei ilipoanza, baada ya mvutano ndani ya meli iitwayo London kuishia kwa risasi. Hata hapo wajumbe hawakupoteza usukani.

Kuna jambo moja walilolifanya ambalo kila nikilifikiria linanifanya niwaheshimu zaidi. Serikali ilipoahidi kuwapa walichotaka, walikataa kurudi kazini mpaka wauone kwa macho yao msamaha wa Mfalme, uliosainiwa. Walijua kwamba nyongeza ya mshahara ingemfikia kila baharia, lakini kamba ingewasubiri wao 32 peke yao. Walikuwa wanauliza swali lile lile la mwenyekiti na barua yake ya uhamisho. Lord Howe, amiri mzee wa miaka 71 ambaye mabaharia walimpenda, akapelekwa kwa mashua kutoka meli hadi meli kuwahakikishia. Mambo yakaisha. Wajumbe wa Spithead hawakunyongwa.

Wakati huohuo, huko Nore kwenye mlango wa mto Thames, meli nyingine zikaasi. Shida zilikuwa zilezile, njaa ileile. Lakini kiongozi wao, Richard Parker, akawa anaitwa Rais wa Wajumbe, madai yakaongezeka, na meli zikapangwa kuzuia biashara ya kuingia na kutoka London. Hapo walitoka kwenye ratili ya nyama wakaikaba nchi koo. Meli zikaanza kuwakimbia moja moja. Tarehe 30 Juni 1797 Parker alinyongwa, na wengine zaidi ya ishirini wakamfuata.

Sisemi Parker alikuwa mtu mbaya. Alichaguliwa na watu waliochoka, akaongoza bila kanuni, bila ulinzi, bila njia ya kurudi nyuma kwa heshima. Mtu anayejua atanyongwa hata akishuka ngazi huendelea kupanda. Ndiyo maana ulinzi wa kiongozi si upendeleo anaopewa yeye kwa kuwa mwenyekiti. Unalilinda jeshi pia, kwa sababu unampa nafasi ya kukubali maridhiano.

Sasa tuje karibu na wakati wetu. Ufaransa iliwazuia wanajeshi wake wote kuunda vyama vya kutetea maslahi yao ya kazi, wakiwemo askari wa jandameri, ambao wanafanya kazi ya polisi lakini ni wanajeshi kwa sheria. Afisa mmoja wa jandameri, Jean-Hugues Matelly, alishiriki kuanzisha jumuiya ya kuwakutanisha askari hao na raia. Mei 2008 ikatoka amri kutoka juu kabisa ya jandameri: kila aliye kazini ajiondoe mara moja. Matelly akajiondoa, kwa sababu amri ni amri, kisha akaenda mahakamani, kwa sababu haki nayo ni haki. Mwaka 2010 alifutwa kabisa utumishini kwa kukosoa hadharani mpango wa kuiweka jandameri chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Januari 2011 mahakama ya juu ya utawala ya nchi yake, Conseil d'État, ikaifuta adhabu hiyo.

Tarehe 2 Oktoba 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikatoa hukumu katika kesi yake na katika kesi ya ADEFDROMIL, chama cha kutetea haki za wanajeshi kilichokuwa kimenyimwa hata nafasi ya kusikilizwa na mahakama za nyumbani. Majaji walisema nchi inaweza kuwawekea wanajeshi mipaka, hata mipaka mikubwa, lakini haiwezi kuwapiga marufuku moja kwa moja. Miezi tisa baadaye, Julai 2015, Ufaransa ikatunga sheria inayoruhusu vyama vya kitaaluma vya wanajeshi.

Watu husoma habari hiyo kama ushindi wa mahakamani, nao wako sahihi. Mimi naisoma pia kama somo la uongozi. Matelly alitii amri aliyoamini ni batili, akaipinga kwa njia halali, akavumilia miaka sita. Angekaidi amri ile kwa kiburi, leo tungekuwa tunazungumzia afisa mtovu wa nidhamu na sheria ingebaki ilivyokuwa. Chama cha wanajeshi kinahitaji kiongozi ambaye utiifu wake hautiliwi shaka hata na wanaomchukia, ili akisema neno gumu watu walijadili neno lenyewe, wasimjadili yeye.

Sheria hiyo ya 2015 ilikuja na sharti ambalo limegawanya watu. Vyama hivyo vipya ni vya walio katika utumishi tu. Wastaafu na familia za askari hawamo, na kwa sababu hiyo chama kama ADEFDROMIL, kilichokuwa kimefungua mlango kwa wote, hakikuingia kwenye mfumo mpya. Je, ni sawa?

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli. Mstaafu ana ulimi mrefu. Hana wa kumhamisha wala cheo cha kunyimwa, anaweza kusimama mbele ya kamera akasema asemalo. Ndiyo sababu mahali pengi vyama vya kwanza vilibebwa na wastaafu, na heshima yao lazima itajwe. Lakini mwache mstaafu kwenye kiti miaka kumi. Atazungumza habari za buti ambazo jeshi liliacha kununua zamani. Hajui zamu mpya zilivyopangwa, hajui ile programu ya simu inayotumika kuombea likizo, hajui kwamba mgogoro mkubwa kambini siku hizi si chakula, ni kuitwa kazini siku ya mapumziko kwa ujumbe wa WhatsApp. Na kama alistaafu akiwa jenerali, jambo ni gumu zaidi. Koplo hatamweleza ukweli. Atasimama wima na kujibu, "Ndiyo, afande."

Nasema bila kuzungukazunguka: kiongozi awe ni mtu aliye ndani ya utumishi, na wastaafu wawe wanachama wenye sauti lakini si usukani. Wajerumani wamepata njia. BundeswehrVerband inawapokea wastaafu na familia, ila mwenyekiti wake André Wüstner, aliyechukua nafasi hiyo mwaka 2013, ni afisa wa jeshi aliye kazini. Akizungumzia uhaba wa vifaa, anayezungumza ni mtu ambaye sare yake bado iko kabatini ikimsubiri. Tena anazungumza ndani ya jeshi ambalo tangu mwanzo lilimtaja askari kuwa raia mwenye sare, na hiyo ni nusu ya kazi.

Lakini kumwacha kiongozi ndani ya utumishi bila kumlinda ni kumtoa kafara. Italia imeliona hilo. Mahakama yake ya katiba iliondoa marufuku mwaka 2018, na sheria ya vyama vya wanajeshi ikafuata Aprili 2022. Sheria hiyo ina mambo mengi ya kubana, mengine nayaona yamezidi. Hata hivyo iliweka jambo moja ambalo ningependa kuliona kila mahali: mwenye wadhifa katika chama hahamishwi kituo mpaka kuwe na makubaliano na chama chake. Ni kifungu kifupi chenye uzito kuliko hotuba zote za ufunguzi. Sheria hiyohiyo inamwekea kiongozi mihula, miaka minne minne, isiyozidi miwili mfululizo. Hilo nalo naliunga mkono kwa moyo wote, maana kiongozi anayelindwa na asiyeondoka hugeuka kuwa kamanda wa pili, yaani kile kile wapinzani walichokuwa wanakihofia.

Waholanzi walikuwa na dawa ya asili ya tatizo hilo. Chama cha VVDM, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilikuwa cha vijana wanaotumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Uongozi wake ulitoka kwa vijana haohao, na muda wao wa jeshi ulipokwisha uongozi nao ulikwisha. Hakuna aliyepata muda wa kuota mizizi. Na usidhani kupokezana kwa namna hiyo kuliwadhoofisha, kwani mwaka 1971 walishinda hata vita ya nywele, askari akaruhusiwa kuziacha zikue atakavyo.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu, kwa kuwa jambo lenyewe halina utata. Chama kinachopewa ofisi, gari na ruzuku na wizara kitaisemea wizara. Ada ya mwanachama, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayompa koplo haki ya kumpigia simu katibu mkuu na kumuuliza amefanya nini mwezi huu.

Nirudi kwenye ulimi, maana ndiko viongozi wengi wanakoanguka. Afrika Kusini ilifungua mlango mapema. Mei 1999 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyoletwa na chama cha wanajeshi cha SANDU na hukumu iliyoandikwa na Jaji Kate O'Regan, ilifuta kifungu kilichowakataza askari kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Miaka kumi baadaye, tarehe 26 Agosti 2009, askari waliandamana hadi Union Buildings, makao ya serikali mjini Pretoria, kudai mishahara, ingawa mahakama ilikuwa imezuia maandamano hayo. Uzio ukapandwa, magari yakaharibiwa, polisi wakafyatua risasi za mpira. Zaidi ya askari 1,000 walipewa barua za kuachishwa kazi, kesi zikaburuzwa miaka, na serikali ikaanza kusema hadharani kwamba vyama vya wanajeshi vipigwe marufuku.

Najua manung'uniko ya askari wale yalikuwa ya kweli, na serikali yenyewe ilikiri hivyo ilipounda tume ya kuangalia hali zao za utumishi. Kinachoniuma ni picha iliyobaki kichwani mwa wananchi: mtu mwenye sare ya nchi akirushiana mapigo na polisi wa nchi hiyohiyo. Siku kama ile kiongozi anapimwa kwa jambo moja, kama ana uwezo wa kusimama mbele ya watu wake wenye hasira akawaambia turudi nyumbani, mahakama imesema hapana, kesho tunakata rufaa, na wakamsikiliza. Wajumbe wa Spithead waliuweza mtihani wa namna hiyo. Uwezo huo hauji asubuhi ya maandamano. Unajengwa kwenye miaka ya kurudi kwa wanachama na majibu, hata majibu mabaya, bila kuwadanganya.

Na wale wanaodhani kwamba bila chama kutakuwa kimya, waitazame Ireland. Mwishoni mwa miaka ya 1980 askari wa nchi hiyo hawakuruhusiwa kusema lolote juu ya mishahara yao, wakanyamaza kweli. Wake zao hawakunyamaza. Walijipanga, wakaandamana, na katika uchaguzi mkuu wa 1989 baadhi yao wakagombea ubunge. Sauti ya askari ilizimwa kambini ikatokea jikoni. Serikali ikasoma alama za nyakati: sheria ikabadilishwa mwaka 1990, na kufikia 1991 askari wa kawaida walikuwa na chama chao, PDFORRA, na maofisa wana chao, RACO. Leo sauti iliyozimwa haisubiri uchaguzi. Inakwenda kwenye makundi ya simu, ambako msemaji hana jina, hakuchaguliwa, hawezi kuulizwa, na wala huwezi kukaa naye meza moja ukafikia makubaliano. Nikiwa mkuu wa majeshi ningemwogopa huyo kuliko mwenyekiti yeyote mwenye ofisi na mhuri.

Limebaki jambo moja ambalo halizungumzwi kabisa, nalo ni siku ya kurudi. Kiongozi amemaliza mihula yake, ameachilia ofisi, anarudi kikosini. Anayempokea kambini ni mkuu ambaye miaka miwili iliyopita alimtaja kwenye barua ya malalamiko. Wenzake aliojiunga nao wamepanda vyeo viwili. Yeye faili lake lina pengo la miaka minane, hana taarifa ya utendaji, hana kozi, hana operesheni. Ukimwonyesha sajenti mwerevu wa miaka 30 faili la namna hiyo, umemjibu kwa nini asigombee, na uongozi utabaki kwa wanaokaribia kustaafu, wasio na la kupoteza.

Ujerumani kuna utaratibu wa kumlinganisha askari aliyeachiliwa majukumu ya kawaida na kundi la wenzake wa cheo na sifa zile zile: kundi likipanda, na yeye zamu yake inafika. Si utaratibu mkamilifu, lakini angalau kuna mtu aliyeketi akalifikiria lile faili. Nikipewa rasimu ya sheria ya vyama vya wanajeshi ya nchi yoyote, kurasa za malengo na kanuni nitazisoma baadaye. Nitafungua kwanza kutafuta kifungu kinachosema mwenyekiti aliyemaliza muda wake atapangiwa wapi, na nani atakayeamua.